Taipureta Yangu na Marehemu Aliyejizaa

Wanangu, mimi sina ugomvi na kompyuta. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kila nikifungua mdomo mnatazamana na kusema huyu bibi wa Takaungu ameanza tena kuililia taipureta yake. Kompyuta ni kiumbe mpole. Haina kelele, haivunji kucha, haichafui vidole, na ukikosea haikutangazii mtaa mzima. Ugomvi wangu ni na nyinyi mnaokaa mbele yake.

Nilipiga chapa maisha yangu yote ya kazi katika ofisi ya wakili mmoja hapa Malindi, mpaka nilipostaafu nikapewa ile mashine kama zawadi. Waliniambia ni kumbukumbu. Nadhani walikuwa wakitafuta mtu wa kuwatolea lile chuma mlangoni.

Nyinyi mnaopiga vitufe kwa kidole gumba huku mnatafuna hamuwezi kujua tulivyosumbuka. Chumvi ya bahari ilikuwa inakula mikono ya herufi, basi kila Ijumaa niliipangusa kwa unyoya wa kuku uliochovywa mafuta taa, na ofisi nzima ikanuka kama jiko la kapera. Herufi zenye tumbo, kama o na a, zilijaa uchafu wa utepe na kutoka nyeusi kama mbegu za papai; hizo nilizichokoa kwa pini. Ukipiga nukta kwa hasira unaitoboa karatasi. Wakili akigombana na mkewe asubuhi, barua zangu za siku hiyo ukiziinua dirishani ziliona jua.

Na kelele zile msizidharau, zilikuwa na kazi yake. Mteja akikaa barazani akisikia ta-ta-ta-ta, kisha kengele, kisha kigari cha mashine kinarudi kwa kishindo, moyo wake unatulia. Anajua kesi yake inakwenda. Wakili alilijua hilo kuliko sheria. Siku ambazo hakuna lililofanyika aliniambia kwa sauti ya chini, “Zuhura, piga chochote, mradi kisikike nje.” Yuko mzee mmoja wa Magarini aliyekaa nje asubuhi nzima akimshukuru Mungu kwa bidii yetu, na mimi ndani napiga namna ya kupika biriani ya nyama ya mbuzi, pamoja na achari yake. Kesi yake alishinda. Biriani nayo ilitoka vizuri.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Bwana Kadenge, Mgiriama mrefu asiyecheka. Alinifunika mikono kwa leso, akaniambia, “Macho yako ni ya karatasi. Vidole vitafute macho yao wenyewe.” Nililia wiki nzima chini ya leso ile. Siku yangu ya kwanza kupiga nakala niliiweka karatasi ya kaboni kichwa chini miguu juu, nikapiga ukurasa mzima kwa madaha. Nilipoutoa, nakala ilikuwa nyeupe pe, na nyuma ya karatasi halisi maneno yote yamejiandika kinyume. Bwana Kadenge aliinua ile karatasi dirishani akaisoma taratibu kwa nyuma, mpaka mwisho, kisha akasema, “Hii tutawapelekea majini. Sasa waandikie na binadamu.”

Lakini jambo alilonifunza ambalo sijaliacha mpaka leo ni kusomeana. Kabla karatasi haijaingia mashineni, maneno yote yanasomwa kwa sauti, na mwenye maneno asimame pale asikie. Ikiwa ni watu watano, wasimame wote watano. Akija mtu akisema ana haraka, Bwana Kadenge alimwambia aende na haraka yake arudi bila hiyo. Haukuwa uungwana huo, ulikuwa uvivu wetu tu. Jina likikosewa kwenye karatasi yenye nakala nne nyuma yake, unachana zote na kuanza upya. Maji yakimwagika hayazoleki, basi tulikuwa tunashika mtungi kwa mikono miwili.

Sasa nyinyi maji yenu yanazoleka. Mnafuta, mnarudisha, mnahamisha aya kutoka juu kwenda chini kama watu wanaohama nyumba. Ni neema kubwa. Na kwa kuwa kila kitu kinaweza kusahihishwa wakati wowote, simuoni anayesahihisha. Mnamaliza asubuhi mkichagua herufi zipi zina maringo zaidi. Mpwa wangu alichapishiwa kadi za harusi zenye herufi zilizojikunja hata jina la ukumbi likawa pambo, na nusu ya wageni wakaenda kwenye harusi nyingine, wakala pilau ya watu wasiowajua. Wanasema ilikuwa tamu.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari za Dama.

Dama ni Mgiriama wa Adu. Tumejuana tangu wote wawili tuna meno. Alikuja ofisini kwetu akiwa bibi arusi, mke wa pili wa Mzee Kazungu Charo, kutaka barua ya kuomba kibanda cha kuuzia mahamri na mbaazi sokoni. Shule hakuwahi kuiona. Nilimsomea maneno yake, akakubali, nikapiga. Nilipompa barua akaitazama muda mrefu, akaniuliza, “Mimi ni wapi hapa?” Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, kwake yote yalikuwa sisimizi. Ndipo nikaigeuza ile karatasi, nikakiweka kidole chake gumba nyuma ya jina lake, mahali herufi zilipotokeza. Akapapasa kwenda, akapapasa kurudi. Uso wake ulibadilika. “Kumbe nina vinundu,” akasema, akacheka mpaka Bwana Kadenge akatoa kichwa mlangoni. Tangu siku hiyo tukawa ndugu, na mahamri sikununua tena.

Mwaka huu Mzee Kazungu amefariki. Mke wa kwanza, Kadzo, alitangulia zamani. Mwanawe wa kwanza, Charo, ana kazi ya ofisini kule Kilifi, ana shati la mikono mirefu na simu mbili, basi matayarisho yote ya mazishi yakawa mikononi mwake. Nilikwenda kumpa Dama makiwa hapa mjini. Nikamkuta amekaa mkekani, halii, amekodoa macho tu.

“Bi Zuhura,” akaniambia, “nasikia simo.”

“Humo wapi?”

“Kwenye kile kitabu cha mazishi. Wanawe wako, wajukuu wako, mke ni marehemu Kadzo peke yake. Mimi na wanangu hatumo.”

“Nani kasema?”

“Charo. Yuwasema kompyuta imejaa.”

Wanangu, nyinyi ambao mnadhani kijitabu cha mazishi ni cha kujipepea, nisikilizeni. Kule Adu, wasifu wa marehemu husomwa mbele ya ukoo wote, na anayetajwa ndiye anayesimama. Mjane ambaye hakusomwa siku ya mazishi, matanga yakiisha huulizwa alikuwa anatafuta nini hapo. Shamba ambalo Dama amelilima na nyumba walimozaliwa wanawe vilikuwa vinafutwa kwa kitufe kimoja. Nilikasirika hata nikasahau kuvaa viatu vya kutokea, nikaenda na ndara za bafuni.

Saiba, lile duka la kompyuta lililopewa kazi ile, ni ya Mutua, kijana wa Ukambani aliyehamia hapa miaka mingi, mtu wa watu, asiyekosa tabasamu hata mashine zikizimika zote. Tuliingia mimi na Dama tukamkuta Charo amesimama, anatazama saa, na Mzee Karisa, ndugu mdogo wa marehemu, amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake katikati ya magoti. Mutua alikuwa anatia karatasi kwenye mashine ya kuchapisha.

“Shikamoo Mzee Karisa,” nikasema. “Mmekwisha someana?”

“Marahaba, Bi Zuhura. Kusomeana nini?”

Charo akadakia. “Bi Zuhura, hayo yalikuwa mambo yenu ya taipureta. Siku hizi kompyuta inajisahihisha yenyewe. Inatia hata mstari mwekundu.”

“Alhamdulillahi. Basi itakuwa haina haya kusomwa.”

Mzee Karisa akagonga sakafu kwa fimbo. “Miwani nimeiacha Adu. Nisomeeni.”

Mutua akavuta kiti, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji. Nitawaandikia kama nilivyosikia.

“Marehemu Mzee Kazungu Charo alizaliwa Adu, akiwa mwana wa kwanza wa Mzee Kazungu Charo.”

Mzee Karisa akainua kichwa. “Alijizaa?”

“Ngoja, mzee, iko sawa mbele,” Mutua akasema, akaendelea. “Marehemu alimuoa mke wake mpenzi, marehemu Kadzo, wakajaaliwa watoto, mzaliwa wa kwanza akiwa Kazungu Charo. Marehemu alikuwa mcheza kinanda hodari wa kanisa—”

“Kaka yangu?” Mzee Karisa akauliza. “Hata baragumu hakuwahi kupuliza.”

Mutua alikuwa ameanza kutoka jasho. “Shukrani kwa niaba ya familia zitatolewa na... Kazungu Charo.”

“Huyo simkosi,” akasema Mzee Karisa. “Niwekeeni kiti mbele kabisa.”

Kisa chenyewe ni hiki. Kwa Wagiriama mtu humpa mwanawe wa kwanza jina la babake mzazi, basi majina yanarudi kila kizazi kama zamu ya maji. Marehemu alikuwa Kazungu mwana wa Charo. Babake alikuwa Charo mwana wa Kazungu. Na mwanawe huyu wa mashati marefu ni Charo mwana wa Kazungu tena. Mutua, ili asipige upya, alichukua kijitabu cha mazishi ya mzee mwingine, mcheza kinanda mwenye mke mmoja, ambaye kwa kudura za Mola aliitwa Charo Kazungu. Akayapachika majina ya familia waliyompa, kisha akaiamuru mashine: kila palipo na Charo Kazungu weka Kazungu Charo. Mashine ni mtumwa mtiifu. Ilipita na babake marehemu, ikapita na mwanawe, haikumwacha mtu.

Charo alikuwa ameinama kwenye kioo, anajitafuta. Alipanda juu, akashuka chini. Jina lake halikuwepo popote. Alikuwa amegeuzwa marehemu, na kwenye ukurasa wa mwisho anajishukuru kwa kuja kujizika.

“Lakini mimi nipo!” akapiga kelele. “Niko hapa, nimesimama!”

Dama alikuwa mlangoni. Akasema polepole, “Hata mimi nipo, mwanangu.”

Charo alitazama viatu vyake vizuri. Mzee Karisa akageuka kitini mpaka akamwona Dama.

“Na huyu mmemtia wapi?”

“Baba mdogo,” Charo akaanza, “ni kwamba kompyuta ilikuwa imejaa...”

Mutua ana makosa yake, lakini hawezi kuvumilia mashine yake isingiziwe. “Haijajaa, kaka. Hii ukiipatia Malindi yote itameza, na Kilifi itaingia. Mimi niliambiwa mke ni mmoja.”

Nimewahi kuona watu wakisingizia mashine. Wakili wetu, akikosea tarehe, alimwambia jaji ni kosa la mpiga chapa, na mimi hapo nyuma nimekaa na kalamu zangu. Lakini mpiga chapa alikuwa mtu, ana uso, unaweza kumuuliza. Leo mnamsingizia mtu ambaye hayupo. Mfumo umekataa, mfumo uko chini, mfumo umejaa. Huyo mfumo namtafuta nimpe mahamri nimuulize mambo mawili matatu, sijampata.

Mzee Karisa hakupandisha sauti. “Mahari ya Dama niliyapeleka mimi kwao kwa miguu yangu. Mtie. Yeye na wanawe, mmoja mmoja. Na hicho kinanda kitoe.”

Mutua akashika kazi. Hajafika mbali, stima ikapotea.

Sasa hapa, wanangu, ndipo nilipojiharibia. Nilikuwa nimesifiwa kidogo kwa kudai kusomeana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikasimama katikati ya saiba na ndara zangu, nikasema taipureta haijui stima. Nikatuma watu wawili nyumbani kwangu. Wakaileta kwenye mkokoteni, na nusu ya mtaa wetu wa Barani ikafuata nyuma ikidhani nimeibiwa. Nikaifunua. Nikanyoosha vidole. Nikatia karatasi, nikapiga mstari wa kwanza kwa mbwembwe zote alizonifunza Bwana Kadenge, kengele ikalia, watu wakashangilia.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Utepe ulikwisha kauka tangu enzi za nani sijui. Vijana wa mtaani walikuja kunichungulia begani, wakasoma hewa. Charo alicheka, na simlaumu. Kisha stima ikarudi, Mutua akawasha, na maneno yake yote yakawa yanamngoja palepale alipoyaacha. Kompyuta ilikuwa imeyahifadhi yenyewe, bila kuambiwa na mtu. Taipureta yangu haijawahi kunifanyia wema wa aina hiyo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nikajifunika leso.

Mara hii Mutua alisoma tena yote, na sote tukasikia. Charo akawekwa hai. Babu akarudishiwa jina lake. Dama akasomwa, na wanawe wakasomwa, na Mzee Karisa akasema “Ee” kila jina, mpaka la mwisho. Ndipo mashine ikachapisha, na haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa.

Nilikwenda Adu kwenye mazishi. Charo ndiye aliyesoma, na alipofika kwa mama yake mdogo nilimwona anainamia kijitabu, lakini alisoma. Dama akasimama. Alisimama muda mrefu kuliko walivyosimama wengine, na hakuna aliyemwambia akae. Mimi nililia, nami sina tabia hiyo tangu ile wiki ya leso.

Matanga yalipokwisha alinijia nyumbani na mahamri ya moto na kile kijitabu. Karatasi ya kung'aa, picha ya rangi, kazi safi, Mutua apewe haki yake. Dama akafungua ukurasa, akaugeuza, akapitisha kidole gumba nyuma. Akapapasa kwenda, akapapasa kurudi.

“Mwanangu kanisomea,” akasema, “na nimesikia kwa masikio yangu mbele za watu. Naamini nimo. Lakini sijioni.”

“Hizi za siku hizi hazina vinundu, Dama. Wino unalala tu juu.”

“Nipigie kwa ile yako.”

“Si uliiona pale saiba? Imekauka. Haitoi wino kabisa.”

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. “Wino wa nini, Bi Zuhura? Mimi nasoma wino?”

Nikaifunua mashine. Nilitafuta karatasi nene kidogo, nikamsomea kwanza kwa sauti, maana kazi ni kazi: Dama, mke wa Kazungu Charo. Akasema ndivyo. Nikapiga kwa nguvu za ujana wangu, herufi moja moja, na nukta sikuitia nisije nikamtoboa. Akaipokea, akaigeuza, akafumba macho, na kidole chake kikatembea mstari mzima bila kuongozwa.

“Mimi huyu,” akasema.

Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso yake, pale anapofungia vitu ambavyo hataki vipotee. Siku moja yeye hatakuwepo, nanyi wajukuu wake mtafungua pindo hilo, mtaona karatasi nyeupe isiyo na kitu. Igeuzeni kabla hamjaitupa.